Uzi Mwekundu wa Bi Shazia

Nje ya uwanja wa ndege, pale magari yanaposhusha abiria na kufukuzwa na askari, kuna kibanda cha bati chenye meza moja na kiti kimoja. Kiti ni cha mwenyewe. Mteja husimama. Mwenye kiti alikuwa mjane mmoja mtu mzima, mfupi, shingo ngumu, na watu walimwita Bi Shazia kwa sababu ya shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo haikumtoka mkononi. Alifunga hapo mizigo ya wasafiri miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyerudi kumwambia kwamba begi lake limefunguliwa njiani. Mwenyewe alilisema hilo kila siku. Ukweli ni kwamba mtu aliyeibiwa ng'ambo harudi kibandani kueleza. Mmoja alijaribu kumwambia hivyo, akaonyeshwa mlango, ingawa kibanda hakina mlango.

Magunia na maboksi aliyashona mzunguko mzima. Mabegi ya zipu alikuwa na mtindo wake. Alivuta vile vichwa viwili vya zipu mpaka vikutane, akapitisha uzi mwekundu wa nailoni kwenye matundu ya vishikio vyake, akauzungusha mara saba, akapiga fundo alilofundishwa na baba yake mshona viatu, kisha akadondoshea nta ya moto na kuibonyeza kwa kidole gumba. Kitambaa cha begi hakukigusa. Zamani alikuwa akikitoboa na kushonea vishikio kwenye begi lenyewe, mpaka mama mmoja wa viatu virefu alipompigia kelele mbele ya foleni kwamba kamharibia begi la bei. Siku ile Bi Shazia aliapa hatatoboa tena begi la watu. Akahesabu kuwa hiyo ndiyo heshima ya kazi, na heshima hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa na fundi wa friji. Mama wa huyo fundi alipofariki aliacha bangili sita za dhahabu na mkufu, na usia kwamba bangili ziwe nusu kwa nusu: za mwanawe wa kiume zibaki nyumbani, za binti yake zipelekwe ng'ambo anakoishi, pamoja na mkufu. Yule wa ng'ambo akapata mimba ngumu, akaomba wifi yake aende amsaidie kulea. Ndivyo binti wa Bi Shazia alivyojikuta kibandani kwa mama yake siku ya safari, saa nane mchana, begi moja la kupakia, mkoba mmoja wa mkononi, na soksi nene yenye bangili tatu na mkufu ndani.

"Mama, hizi nitazivaa," akasema. "Nashusha mikono ya gauni, nani atakayeziona?"

"Itakuona ile mashine inayolia. Wakuvue mbele ya wanaume."

"Basi nazitia kwenye mkoba."

"Mkoba! Mkoba unawekwa juu ya kichwa chako, wewe umelala mdomo wazi, jirani yako ananyoosha mkono tu."

"Sitalala."

"Saa tisa angani usilale, wewe? Wewe uliyelala kwenye mtihani?"

Binti akacheka, lakini soksi hakuiachia. "Mama, wenyewe wenye ndege wanasema vitu vya thamani vishikwe mkononi. Imeandikwa kwenye tiketi."

Hapo Bi Shazia akakunja uso. Alitazama kushoto na kulia, kwa mzungusha nailoni wa kibanda cha pili, yule anayeviringishia mabegi karatasi ya plastiki, na kwa abiria waliosimama kwenye foleni. "Na hawa waseme nini? Mtoto wangu wa kumzaa anabana dhahabu kwapani, kana kwamba uzi wa mama yake ni wa kufungia kuni? Lete hapa."

Binti akaleta. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, lakini sauti ile alikuwa nayo masikioni tangu anatambaa. Soksi ikaingia katikati ya nguo. Bi Shazia akazungusha uzi mara tisa badala ya saba, akapiga fundo, akatia nta. Aliliinua begi kwa kile kifundo peke yake ili foleni ione.

Kesho yake simu ikaita.

"Mama, soksi ni tupu."

"Nani kakata uzi?"

"Hakuna aliyekata. Fundo lipo kama ulivyolifunga."

"Na nta?"

"Haina hata ufa. Wifi kapiga picha kabla hatujakata. Nimerudi uwanjani kulalamika, yule bwana kaligeuza begi juu chini, kasema halina hata mchubuko, hawezi kuandika kitu. Kaniuliza kwa nini sikushika mkononi."

Picha ikaja kwenye simu, Bi Shazia akaikuza kwa vidole viwili. Mizunguko tisa. Alama ya kidole gumba chake mwenyewe kwenye nta.

"Basi hakuna aliyefungua," akasema.

"Mama, lakini mimi—"

"Nimesema hakuna aliyefungua."

Binti alikaa kule wiki sita mpaka mtoto akazaliwa. Aliporudi, kikao kiliwekwa sebuleni kwa mumewe, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alikuwepo mume, alikuwepo baba mdogo wa mume kama mkubwa wa ukoo, na wifi alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, sauti wazi. Bi Shazia alipewa kiti kizuri. Binti yake alikaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mkwe alizungumza kwa adabu. Si mtu wa kelele. "Mama, mimi sitaki kumwonea mtu. Wewe ndiye mwenye kazi hii. Nakuuliza fundi kwa fundi: begi ulilolifunga wewe, mtu anaweza kulifungua, akatoa kitu, akalifunga tena, na fundo likabaki zima?"

Hapo Bi Shazia angeweza kusema sijui. Angeweza kusema, mimi nafunga tu, hayo ya huko ndani ya ndege siyaoni. Binti yake alikuwa anamtazama usoni, na macho yale yalikuwa yanaomba neno hilo hilo dogo. Lakini mkwe alikuwa amemwita fundi, mbele ya watu, na mgongo wa mwanamke yule ukanyooka wenyewe.

"Halifunguki," akasema. "Miaka kumi na tisa."

"Mama," binti akasema polepole.

"Usiniite mama kwenye jambo la uzi wangu."

Baba mdogo akakohoa. Bi Shazia angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini aliona nyuso bado zina shaka, na shaka ile aliihisi imekaa kwenye fundo lake, si kwa mtoto wake, akataka kuiondoa. "Huyu tangu mdogo mkono wake mwepesi," akaongeza. "Akichota sukari yangu kabatini."

"Mmesikia?" simu ikasema mezani. "Mama yake mzazi huyo."

Binti hakulia. Aliinuka akaingia chumbani, akatoka na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu lile begi hakutaka hata kuligusa. Mume hakumfukuza na hakumzuia. Alikaa akitazama vidole vyake.

Alikwenda kwa mama yake, angekwenda wapi? Alimkuta mlangoni, kamtangulia kwa pikipiki.

"Utaingia," Bi Shazia akamwambia, "ukishanieleza dhahabu za watu ziko wapi."

"Sijui ziko wapi."

"Basi na mimi sijui utalala wapi."

Alipata chumba cha kupanga nyuma ya duka la dobi, na kazi humo humo dukani: kupokea nguo, kuandika vikaratasi, kupiga pasi. Habari zikafika kila zilipotakiwa kufika. Majirani wa zamani walipoleta nguo walipekua mifuko yote kabla ya kumkabidhi, huku yeye anatazama. Mwanamke mmoja alirudi kutoka barabarani kuhesabu vifungo vya koti. Binti akamwambia, "Viko sita, shangazi, nimekuhesabia," na hakuna aliyecheka. Miezi kumi na moja ilipita hivyo. Bi Shazia alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, shingo imenyooka, akitazama mbele.

Sasa mwezi wa kumi na mbili, akaja kibandani mzee mmoja aliyepinda kiuno, na kibegi kidogo cha zipu kimefungwa tumboni. Watu wa uwanjani walimwita Mgongo. Alikuwa mpakiaji wa mizigo, akaacha kazi miaka minne nyuma kwa sababu ya huo mgongo wenyewe. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe, akapita kusalimia.

"Lete nikufungie," Bi Shazia akasema. "Wewe sikutozi."

"Aa, bibie, hili naingia nalo ndani. Nimelifunga tumboni kabisa."

"Humo mna nini cha kukumbatia hivyo?"

"Saa ya mjukuu."

"Na unaogopa kuipakia, na mimi niko hapa?"

Mgongo alicheka, kisha akaacha kucheka. Alitazama huku na huku. "Bibie, wewe ni mtu wangu. Ukinifokea, nifokee. Una begi bovu hapo?"

Lilikuwepo moja chini ya meza, la kuwekea matambaa. "Lifunge," Mgongo akasema, "lifunge kama la bibi harusi." Akalifunga. Mizunguko saba, fundo, nta, kidole gumba. Mgongo akachomoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati, kalamu ya kawaida, ya kuandikia. Akaichomeka katikati ya meno ya zipu, mbali kabisa na fundo, akasukuma. Zipu ikaachana kama mdomo. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa tambaa, akaliweka mezani. Kisha akashika vile vichwa viwili vilivyofungwa pamoja, akavivuta kama kimoja mpaka mwisho wa zipu, akavirudisha. Vilikopita, meno yalishikana. Fundo likarudi mahali pake, nta inang'aa, haina ufa.

Bi Shazia alilitazama tambaa lile mezani. Alilitazama muda mrefu.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Mle ndani mabegi ni mamia," akasema. "Mlikuwa mkijuaje lipi la kufungua?"

Mgongo akainamisha kichwa. "Uniwie radhi, bibie. Uzi mwekundu. Mtu hafungi hivyo nguo chafu. Vijana walikuwa wakiuona wanasema, haya, tuone Bi Shazia katuletea nini leo."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nageuka upande mwingine. Sijifanyi msafi. Nilikuwa nageuka tu."

"Na kama ningetoboa kitambaa? Nikashona vishikio na begi lenyewe?"

"Hapo vichwa visingetembea. Wangefungua, kwa kalamu wangefungua. Ila kufunga wasingeweza. Mwenye begi angelikuta wazi, kila mtu angejua kaibiwa."

Alimwambia aende asikose ndege. Mteja wa nyuma yake akaweka sanduku mezani, Bi Shazia akamwambia kibanda kimefungwa. Jua lilikuwa bado utosini.

Nyumbani aliketi kitandani na begi lake mwenyewe na kalamu. Mara ya kwanza kalamu iliteleza. Mara ya nne zipu ilifunguka kama maganda. Alifanya mara ishirini, kisha akaliweka chini, akashika tama. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo haijulikani alilia au hakulia, na mwenyewe ukimuuliza atakuambia ulikuwa moshi wa jirani.

Kesho yake alikwenda kwa mkwe. Hakuomba. Alisema anataka watu walewale, chumba kilekile, na mtoto wake aitwe.

"Mama," mkwe akasema mlangoni, "mwaka jana halifunguki, mwaka huu linafunguka. Nishike lipi?"

"Shika macho yako. Waite watu."

Waliitwa. Binti alikuja na nguo za kazi, akasimama mlangoni, hakukaa. Simu safari hii waliisimamisha kwenye gilasi ili wifi aone. Bi Shazia alipiga magoti sakafuni, mwanamke wa umri ule, akatia soksi kwenye begi na kulifunga mbele yao: mizunguko tisa, fundo, nta. Akampa baba mdogo auvute uzi kwa nguvu zake zote. Kisha akatoa kalamu. Alifungua, akatoa soksi, akaiweka juu ya meza, akafunga, akamrudishia mkwe lile begi mikononi.

Mkwe alilipapasa fundo. Fundi mwenyewe, vitu vya mkono anavielewa; hakuhitaji maneno. Uso ulimbadilika rangi.

"Rudia," wifi akasema kwenye simu. Akarudia. Wifi akaziba mdomo kwa kiganja. "Alikaa kwangu wiki sita," akasema. "Ananiogeshea mtoto. Na mimi nilikuwa nafunga kabati kwa ufunguo, ananiona."

Baba mdogo akapiga magoti yake kwa viganja viwili, kama mtu anayetaka kusimama. "Basi, yamekwisha. Shetani kapita kati yetu. Yamekwisha."

"Hayajaisha," binti akasema kutoka mlangoni. "Bado sukari."

Wengine hawakuelewa. Bi Shazia alielewa, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kukiri la zipu kulikuwa rahisi. Zipu ni kipande cha bati, na walioidanganya ni wezi. Lile jingine lilitoka kwenye kinywa chake mwenyewe na halikuwa na mwizi wa kusingiziwa. Alitaka kunyanyuka kwanza, aseme akiwa amesimama, lakini hakuna aliyempa mkono, ikabidi aseme akiwa palepale chini.

"Nilisema alichota sukari," akaanza. "Alichota. Alikuwa na miaka sita. Mara moja. Jioni yake akaja mwenyewe kuniambia, hata sikuwa nimejua. Mlipokaa hapa mwaka jana nilikata habari katikati, nikawapa kipande kimoja. Nilikata makusudi. Nilitaka mniamini mimi."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyekwenda kuyatoa.

"Asante," binti akasema. Alisema kama mtu aliyepokea chenji.

Mume akainuka, akamfuata mpaka mlangoni. "Twende basi ukachukue vitu vyako kule. Nitakodi gari."

Binti alimtazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. "Wewe siku ile ulimuuliza fundi," akamwambia. "Mimi hukuniuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, hatua tatu." Akatazama saa ya ukutani. "Narudi kazini, nimeomba ruhusa ya nusu saa."

Akaondoka kwa miguu.

Kibanda cha Bi Shazia bado kipo. Uzi sasa ni mweusi, na begi la watu analitoboa; anayelalamika anaonyeshwa kalamu. Kabla hajafunga chochote anauliza: dhahabu, pesa, simu, hati, dawa? Vitoe, vishike mkononi, hapa nafunga nguo tu. Nusu ya wateja huchukua mizigo yao na kwenda kwa mzungusha nailoni, ambaye hana maswali. Dhahabu hazikupatikana. Waliozichukua hawakujulikana, na hakuna ofisi iliyotaka kujua.

Jumanne moja alikunja shuka safi, akaenda duka la dobi. Alivuka barabara safari hii. Ndani palikuwa na joto la pasi na foleni ya watu wawili. Akasimama kwenye foleni.

"Unaleta au unachukua?" binti akauliza alipofika mbele.

"Naleta."

Binti akalikunjua shuka juu ya kaunta, akaligeuza, akaona halina doa. Akachukua kijitabu. "Kwa jina gani?"

"Jina langu unalijua, mwanangu."

"Tunaandika analotaja mteja."

Bi Shazia akalitaja jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuna aliyemwita nalo tangu mumewe afe. Binti akaliandika, akachana kikaratasi, akakisukuma kwenye kaunta.

"Ijumaa," akasema. "Baada ya saa tisa. Kabla ya hapo haliwi tayari."

Ijumaa Bi Shazia alifika saa saba. Kibanda alikifunga, kiti akakiingiza ndani. Alisimama nje ya duka upande wa jua, kwa sababu kwenye kivuli angeziba mlango wa watu, kikaratasi mkononi, na hakuingia mpaka saa tisa ilipopita.